Vidole vya Madamu wa Mapishi

Kumpikia Madamu chakula kulihitaji moyo mgumu. Angekula taratibu, angemaliza, angekushukuru na kukuombea baraka, kisha angekuuliza kwa upole kama dukani wamebaki na chumvi, maana yeye anaona umeinunua yote. Katika miaka kumi na moja ya ujirani wetu nilimpikia mwenyewe mara nne. Mara ya tano nilinunua chipsi mayai kwa kijana wa kona, nikazipanga kwenye sahani yangu nzuri nikasema nimepika. Akaonja kipande kimoja, akaniambia nimsalimie kijana wa kona.

Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Alikuwa Madamu, na tukitaka kumtofautisha na madamu wengine tulisema Madamu wa Mapishi. Alifundisha sayansikimu maisha yake yote ya kazi, kwanza Mbeya, halafu upande wa Tosamaganga, ambako alinikuta mimi nikiwa kidato cha pili na kutangaza mbele ya darasa kwamba skonzi zangu zingefaa kujengea msingi. Nilipopanga Kihesa, mjini Iringa, na kugundua kwamba nyumba ya pili ni yake, nilitumia siku mbili kufikiria kuhama. Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Nasikiliza watu wazima wakiapa na kudanganya tangu asubuhi mpaka saa tisa, wala sitetereki, lakini nikikutana na Madamu uchochoroni nilikuwa naficha kucha.

Kabila lake lilitegemea nani kamuudhi. Akiudhiwa na Mhehe alikuwa mtu wa Mbeya, akishangaa watu wa huku walivyo wakali bila sababu. Akiudhiwa na yule mama wa Kinyakyusa aliyemuuzia ndizi, alikuwa mtu wa Iringa tangu enzi na enzi, akishangaa watu wa Mbeya walivyo na maneno. Asubuhi alipita akigawa salamu, kamwene ya Kihehe hapa, ugonile ya Kinyakyusa pale, na kila upande uliamini kwamba Madamu ni wa kwao. Nilipomuuliza ukweli wa jambo hilo akasema ukweli ni kama vitunguu, haupewi mtu aliyeshiba.

Saa ya mkononi alivaa, ila hakuipa kazi. Mapishi aliyapima kwa sala. Andazi lilikuwa Baba Yetu mbili kila upande. Yai la kuchemsha lilikuwa fungu moja la rozari, na mayai ya Kwaresima yalitoka magumu kwa sababu siku hizo alisali polepole. Mlutheri mmoja wa mtaa wa pili aliomba afundishwe kupika keki akashindwa kwa kukosa rozari, na Madamu akamwambia ahesabu nyimbo, kwa kuwa wao wanazo za kutosha.

Habari za uchawi hakutaka kuzisikia. Mtu akianza kusema fulani karogwa, yeye aliinuka akaenda kukagua sufuria hata kama jikoni hapakuwa na moto. Mwanamke mzee anayeishi peke yake, aliniambia siku moja, hana ruhusa ya kucheka na maneno hayo, kwa sababu yakikosa pa kulala yatakuja kulala kwake. Hayo yote sawa. Lakini jua likishazama, mwanamke huyohuyo hakuitaja chumvi kwa jina. Aliiita dawa ya mboga. Wala hakufagia usiku. Wala hakupokea sindano mkononi, ilibidi uiweke kwanza juu ya meza. Nikimkumbusha kwamba hayo nayo ni yaleyale, alisema hapana, haya ni heshima.

Nimesema hakucheka na maneno hayo. Na mengine yote alicheka nayo. Jumuiya yetu ya kanisa ikikutana kwa chakula cha pamoja, yeye alileta sambusa hamsini, na katika hamsini hizo moja ilikuwa na pilipili tupu ndani. Aliiita bahati nasibu. Alikaa kwenye kiti chake mikono ikiwa mapajani, mpole kabisa, akisubiri kuona ni uso upi utabadilika. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja wa koti la kaki ambaye hakuwahi kuonekana bila koti hilo hata Desemba, aliipata sambusa hiyo Pasaka mbili mfululizo. Mara ya pili alikunywa maji ya kunawia. Tangu hapo akawa anamsalimia Madamu kwa mbali.

Lakini asikudanganye mtu kwamba maisha yake yalikuwa michezo mitupu. Jumapili mpaka Ijumaa alikuwa bibi mstaafu mwenye magoti mabovu, anayesubiri maji ya bomba na kuzungumza na redio. Jumamosi alikuwa mwalimu. Saa nane mchana watoto wa mtaa walianza kuingia barazani kwake, wanane, siku nyingine kumi na wawili, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na aproni iliyoshonwa kwa mfuko wa unga. Aliwafundisha kukanda, kukata, kuonja, kuomba radhi chakula kikiungua. Alisema mtoto asiyejua kupika ni mgeni nyumbani kwao. Sheria yake ilikuwa moja: kinacholiwa kinaliwa hapahapa, hakuna kubeba, kwa sababu mwenye kubeba hupokonywa njiani na kaka zake. Siku moja tukimenya viazi aliniambia, bila kunitazama, kwamba siku sita za wiki anangoja tu. Niliendelea kumenya, naye akanyoosha mkono akachukua maganda yangu kuonyesha jinsi ninavyotupa nusu ya kiazi.

Jiko la upepo lilikuja ndani ya boksi kubwa kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani aliyeolewa ughaibuni. Air fryer, ndivyo madukani wanavyoliita, lakini Madamu aliliita jiko la upepo tangu siku ya kwanza na mtaa mzima tukafuata. Alisoma kile kitabu chake cha maelekezo jioni tatu kwa miwani na penseli, akasahihisha makosa, kisha akatoa hukumu. "Hii siyo kukaanga," alisema. "Hii ni kuoka kwa maringo." Baada ya mwezi mmoja alikuwa anapikia humo kila kitu isipokuwa ugali. Ugomvi uliobaki ulikuwa wa muda tu: jiko lilikuwa na kengele yake, na mara kwa mara kengele ililia yeye hajafika Amina. Alikuwa anamaliza sala kwanza, na chakula kikizidi kukauka alilaumu jiko kwa kukosa dini.

Mwanafunzi huyohuyo ndiye aliyemtumia kwenye simu video za Halloween. Madamu alizitazama mara nyingi kuliko alivyokubali. Alituita mimi na Mama Upendo, jirani wa upande wa juu, mwanamke mwenye roho nzuri na moyo mwepesi wa kushtuka, akatuonyesha watoto wa Kizungu wamevaa mashuka wakigongea watu milango na kupewa peremende. Mama Upendo alijiziba macho. Madamu akaeleza kwamba ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu yetu wenyewe, ila wenzetu wameanza kusherehekea na kelele.

"Wao wanatisha watoto mara moja kwa mwaka na wanawapa peremende," alisema. "Sisi tunawatisha mwaka mzima, hata andazi hatuwapi."

Alikuwa na nadharia yake, na ninaieleza kama alivyoieleza. Mtoto aliyewahi kumtafuna mchawi kidole, tena kikiwa na vanila, hatakuja kuogopa mchawi ukubwani. Ndiyo maana aliamua Jumamosi ile, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe thelathini na moja Oktoba, somo liwe vitafunwa vya kutisha. Mama Upendo, ambaye hakusikiliza mpaka mwisho, alisema sawa, mradi binti yake asivae shuka.

Kazi ilianza na boga, na Iringa Oktoba hakuna boga. Maboga yetu huja mwishoni mwa mvua, na kufikia miezi ya vumbi yameshaliwa au yameoza. Madamu alikuwa nalo moja stoo tangu Mei, limelazwa juu ya majivu kama mgonjwa, nalo lilikuwa zima. Kwenye video Wazungu walikuwa wanachimba boga, wanatoboa macho na kuweka mshumaa ndani. Madamu aliruhusu macho. Mshumaa alikataa, akasema kuwasha moto ndani ya chakula ni ushamba. Boga lilitobolewa macho, likawatazama watoto kwa dakika tano, kisha likakatwa, likachemshwa na kuliwa lote kabla halijamtisha mtu. Mbegu ndizo zilizotunzwa.

Walikata viazi vitamu kwa umbo la popo, wakavipaka mafuta kijiko kimoja, jiko likavitoa vimekakamaa vizuri. Walizungushia soseji vipande vyembamba vya unga wa chapati mpaka zikafanana na wagonjwa waliofungwa bandeji, zikabaki macho tu, ambayo yalikuwa punje za pilipili manga. Halafu vikaja vidole. Unga wa ngano, siagi, sukari, yai, vanila. Kila mtoto aliviringisha vyake kwa kipimo cha kidole chake mwenyewe, akachora mikunjo ya viungo kwa kisu butu, na kwenye ncha akabandika mbegu ya boga iwe ukucha. Pale kidole kilipokatwa palipakwa jamu ya rozela, nyekundu inayokaribia nyeusi. Nilikuwepo. Nilikula vidole sita, na vilikuwa vitamu hata nikamsamehe zile skonzi.

Seti ya kwanza ilitoka ya kahawia, na kitu cha kahawia kwetu ni andazi tu, hakimtishi mtu. Seti ya pili iliingia saa kumi na moja jioni, na katikati ya sala umeme ukakatika. Vilipotolewa vilikuwa vimeshikana lakini havijaiva: vyeupe, laini, na kucha zimekaa sawasawa. Watoto walipiga kelele za furaha. Madamu alisema visiliwe, atavirudisha umeme ukija. Binti wa Mama Upendo, Upendo mwenyewe, miaka saba, alikihurumia cha kwake. Alikiweka mfukoni mwa sweta akaenda nacho nyumbani.

Mama Upendo alikikuta asubuhi ya Jumapili akitafuta leso ya mtoto kwa ajili ya misa. Nilisikia yowe nikiwa napiga mswaki. Upendo alipoulizwa kimetoka wapi alisema hajui, kwa sababu alikuwa amevunja sheria ya kubeba, na mama yake alikuwa amemtolea macho ambayo hayakuacha nafasi ya kusema jambo la kawaida. Kidole kiliinuliwa kwa koleo la mkaa, kikawekwa ndani ya boksi la dawa ya meno, na boksi likaletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa sheria.

Nililifungua. Nilikijua palepale. Niliona hata mahali mbegu ilipokaa upande.

Hapa ndipo ninapopaswa kujieleza, na sina maelezo ya maana. Mama Upendo alikuwa anatetemeka, ameshika koleo, anauliza kwa kunong'ona kama hiki ni kesi ya mahakama ya mwanzo au ya wilaya. Nikauma midomo nisicheke. Nikajiambia nitamwambia baada ya misa. Nikamjibu kwa uso wa kazi kwamba ni jambo la kuripoti kwa mjumbe kwanza. Baada ya misa Mjumbe alikuwa ameshaita wazee wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kukisogelea karibu ya kutosha kusikia vanila. Walikubaliana kutokwenda polisi, kwa kuwa polisi wangeuliza kidole cha nani, na wa kwanza kuulizwa angekuwa mwenye sweta. Kesho yake ilikuwa siku ya Marehemu Wote, jumuiya nzima inakwenda kufyeka makaburi. Kiungo cha mtu hakitupwi, kinazikwa. Kizikwe hapohapo, kwa sala, bila maswali. Nami nikajiambia nitasema jioni, na jioni nikajiambia nitasema kesho, maana kila saa iliyopita ilizidi kunichekesha.

Kwetu mtu hakosi mazishi. Ukikosa ya wenzako, ya kwako watakuja mbwa. Kwa hiyo Jumatatu Madamu alikuja na jembe lake na kitenge kikubwa, bila kujua anayezikwa ni nani. Tulikuwa watu kama arobaini. Shimo lilichimbwa dogo, la mkono mmoja. Mjumbe alisimama na koti lake akasema maneno mazuri kuhusu ndugu yetu asiyejulikana, ambaye sehemu yake imetufikia. Wanawake waliimba. Mama Upendo alilia kwa machozi ya kweli, na mimi nilifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, mtu mmoja akanishika kunifariji.

Madamu aliuliza nani amekufa. Mjumbe akamjibu kwamba hatujui, ni kidole tu. Akaomba kukiona, kama ilivyo haki ya mfiwa yeyote kuaga. Boksi likafunguliwa. Aliinama, akatazama kwa muda, akakitoa kwa vidole vyake viwili, akakinusa. Kisha akakivunja katikati na kutia nusu mdomoni.

Sijawahi kuona makaburi yakiachwa wazi haraka namna ile. Watu waliruka misalaba. Mzee mmoja aliacha fimbo, na kwa hesabu ya daktari alikuwa hawezi kutembea bila hiyo fimbo. Tulibaki wachache, na Mjumbe, aliyezuiwa na cheo. Madamu alitafuna mpaka akamaliza.

"Hakijaiva," alisema. "Umeme ulikatika."

Halafu alinitazama mimi. Alijua nilikula sita. Nilishusha khanga, na nadhani aliona kwamba machozi yangu hayakuwa ya msiba. Alichukua jembe lake akaenda kufyeka kaburi la mume wake, kwa kuwa ndicho alichojia.

Nilidhani mtaa ungecheka wiki moja kisha ungesahau. Nilikosea, na mtu wa mahakamani kama mimi nilipaswa kujua. Mtu aliyeogopa utamtuliza. Mtu aliyeaibika hatulii mpaka apate wa kumtwika. Watu arobaini walikuwa wamelilia biskuti. Waliojua ukweli waliona haya, na waliokimbia kabla ya kuusikia walisimulia mpaka sokoni kwamba wamemwona kwa macho yao bibi anakula kidole cha maiti. Katikati ya haya na woga, Jumamosi iliyofuata hakuingia mtoto hata mmoja barazani kwa Madamu. Alipanga aproni kwenye kamba. Saa kumi na mbili alizikunja.

Mjumbe aliitisha kikao. Aliuliza, na sauti yake haikuwa mbaya, kama yupo mtu mzima aliyeona vitu vile vikitengenezwa, athibitishe kwamba ni unga, jambo liishe. Mama Upendo alinitazama. Watoto walishasema, lakini maneno ya watoto kwenye kikao ni maneno ya watoto. Nilitakiwa kusema sentensi moja. Na baada ya sentensi hiyo wangeniuliza ya pili: kama ulijua, kwa nini ulituacha tuimbe? Nikasema nina faili la kumalizia ofisini. Niliondoka nikitembea haraka, na ile hamu ya kucheka ikaniishia njiani, karibu na duka la mkaa.

Jumamosi nne zilipita, aproni zikitoka na kukunjwa. Ya tano hazikutoka. Tulisalimiana kama kawaida, kamwene, kamwene, na hakunilaumu kamwe, jambo lililonifanya nitamani aniambie lolote hata kuhusu chumvi. Januari lori dogo lilikuja likapakia vitu vyake kwenda Mbeya, Uyole, kwa mdogo wake. Boksi la jiko la upepo alilipakata mwenyewe mbele kwa dereva. Nilimsaidia kubeba magodoro. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini mbele ya dereva na wapakiaji yalionekana marefu, nikasema safari njema.

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, nilitumwa Mbeya kwenye mafunzo ya makarani. Basi liliposimama Nyololo nilinunua unga wa ngano kilo mbili, nikajua kumbe naenda kwake, ingawa nilikuwa bado sijajikubalia. Mafunzo yaliisha Ijumaa. Jumamosi mchana nilishuka Uyole nikaulizia nyumba ya bibi anayepika na watoto, na mtu wa kwanza niliyemuuliza alinitazama vibaya kidogo kabla ya kunionyesha.

Alikuwa barazani. Amepungua, goti moja limefungwa bandeji, anakaa badala ya kusimama. Jiko la upepo lilikuwa juu ya meza linavuma. Watoto walikuwa watano, na kwenye kamba zilibaki aproni sita zisizo na watu. Pembeni kwenye benchi waliketi mama wawili, wamejifunga vitenge hadi shingoni, kama watu waliokuja kulinda kitu.

Nilimwamkia shikamoo, Madamu. Alipokea unga, akaupima kwa mkono, akasema wamenipunja. Kisha akaniambia nikae, na bila kubadilisha sauti akanieleza kwamba habari za Iringa zimefika Uyole kabla yangu. Zimekuja na madereva wa malori. Wiki iliyopita watoto walikuwa kumi na mmoja. Leo wamekuja watano, na hao mama wawili wamekuja kuona kwa macho kama wawaache au wawachukue.

"Hawa watoto wanataka kujua kwa nini nilihama kule," alisema. "Mimi nikisema ni maneno yangu. Sasa wewe ulikuwepo. Hebu waambie."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, mahakamani mimi ndiye ninayekaa. Niliwaambia yote: boga, mbegu, jamu ya rozela, umeme, sweta. Niliwaambia kidole kilikuwa unga, siagi, sukari, yai na vanila, na kwamba mimi nilikula sita siku hiyohiyo. Niliwaambia kililetwa kwangu ndani ya boksi la dawa ya meno nikakitambua kabla sijamaliza kulifungua. Niliwaambia kuhusu kaburi la mkono mmoja, kikao, na faili ambalo halikuwepo ofisini. Watoto walicheka nilipofika kwenye mazishi, wakanyamaza nilipofika kwenye kikao. Wale mama walikuwa wananitazama mimi sasa, siyo Madamu.

Mtoto mmoja wa kiume, mdogo kuliko wote, mikono yake imejaa unga mpaka kwenye kiwiko, aliuliza, "Sasa kama ulijua, kwa nini ulinyamaza?"

Madamu hakunisaidia. Alikuwa anafuta meza.

"Nilitaka kucheka," nikasema.

"Na ulicheka?"

"Nilicheka sana. Nisamehe, Madamu."

Kengele ya jiko ililia, akavuta droo, na humo vidole vilikuwa vimejipanga, vya kahawia, kucha zimeng'ara. Mama mmoja aliinuka kutoka kwenye benchi akaja mpaka mezani. Alichukua kimoja cha moto, akakipuliza, akakigeuza kutazama ukucha. Alikiuma. Akatafuna sisi sote tukimsubiri, kisha akamwambia mwenzake aende akawaite watoto wengine, waje kabla havijapoa.

Walikuja wanakimbia, wote sita. Madamu aligawa kwa mkono wake mwenyewe, akianza na wadogo, vidole viwili kwa kila mtu, na wale mama viwiliviwili. Aliponifikia mimi alinitazama usoni kwa muda mrefu, akanipa kimoja.